Nyota Aliyoiona Mama Mkwe

Aibu hii nimeibeba miaka mingi, na mke wangu hawezi kuisikia bila kukaa chini na kucheka, kwa hiyo acheni niwasimulie mwenyewe.

Ilikuwa miaka ya vita, tunakaa mtaa wa Hai Malakal, na mwalimu wangu wa zamani kutoka Kampala alikuwa amenipa darubini na ombi moja: jioni fulani, saa mbili kasorobo, nitazame nyota fulani bila kuiacha. Jiwe jeusi la kule nyuma ya Neptuni, dogo mno kuonekana, lingepita mbele yake. Nyota ingezimika sekunde chache, na ukijua ilizimika saa ngapi na kwa muda gani, unaweza kukadiria upana wa jiwe ambalo hujaliona. Upande wetu wa kusini nilikuwa peke yangu. Nikikosa, limekwenda zake.

Aliniagiza nirekebishe saa yangu kwa redio jioni ileile. Lakini majirani tulioishi nao uwanja mmoja walikuwa wamenizunguka, nami nikawa nawaeleza, napitisha ndimu mbele ya taa (mnanijua nikianza kueleza), nikaona saa ni saa tu, sikuirekebisha.

Zilipobaki dakika saba nikamkaribisha mama mkwe aangalie kwanza, kwa heshima.

“Mwalimu,” akaniambia punde, “nyota imekufa.” Halafu: “Sasa imerudi.”

Nami, kwa sauti yangu ya darasani: “Mama, umegusa mguu wa darubini. Hutokea.”

Watu wakatazama chini. Huku kwetu mama mkwe hasahihishwi hadharani.

“Mimi sikugusa kitu. Mimi nilihesabu mpaka tatu.”

Nikamwondoa kwa upole, nikainama mimi. Nyota ikang’aa tu, shingo ikanikakamaa, mpaka redio ya jirani yetu Lado ikatangaza saa mbili kamili, na saa yangu inasema bado dakika sita.

Lado akanigeukia. “Mwalimu, ile jiwe ilifuata saa ya mama.”

Walicheka mpaka watoto wakaamka. Nikapiga magoti kuomba radhi.

“Kalas, yameisha,” mama akasema. “Lete karatasi, andika.”

Niliandika yote, pamoja na kosa langu. Mwalimu wangu akajibu kwamba bila saa ya hakika hawezi kuitumia taarifa yetu, na kwamba wenzetu wa kaskazini walifunikwa na mawingu. Kwa hiyo, kati ya wote tuliongoja jioni ile, ni mama peke yake aliyeliona jiwe likipita.

Uwanja ule ulitawanyika, wengine wakahamia mtaa wa New Site, wengine wakarudi Uganda, na mama hayupo tena. Bado nafundisha. Mtu akiniambia ameona kitu nisichokiona, nafunga mdomo kwanza, nampa nafasi aendelee kutazama.