Tezi na Omo ya Bi Roelofje

Bi Roelofje Pottinga alizaliwa ndani ya tishari, chombo cha kubebea mizigo mferejini, akaolewa ndani ya tishari, na wanawe wanne akawalea humo humo: shehena ya changarawe katikati, wao nyuma. Kwa miaka sabini na mitatu, akitaka kulala, njia ilikuwa moja. Toka omo, mbele, kiganja ukutani, hadi tezi, nyuma kabisa, ndipo penye kitanda.

Kumbukumbu zilipoanza kumtoka, wanawe wakamleta mjini Zwartsluis, kwenye nyumba ya wazee ambayo mimi ni fundi wake. Aliyeichora nyumba ile sijui alikuwa na ugomvi na nani. Ukumbi mmoja mrefu, sebule ya vioo mbele ikitazama mfereji, kisha milango ishirini myeupe, yote sawa kama mayai ya trei moja. Bi Roelofje akapewa namba tisa, katikati.

Kila siku baada ya chakula cha mchana aliinuka sebuleni, akaweka kiganja ukutani, akaipita tisa, akaenda moja kwa moja hadi chumba cha mwisho na kujilaza kwenye kitanda cha Mzee Wubbo.

"Mwambieni huyu bibi mimi nina mke!" Wubbo alifoka.

Mkewe alikuwa makaburini, upande wa pili wa dirisha lake. Wubbo alikisubiri chumba kile mwaka mzima ili awe karibu naye.

Tukabandika picha ya Bi Roelofje kwenye mlango wake, tukafunga na utepe mwekundu. Wapi! Bi Marloes, meneja, akasema Bi Roelofje akiingia tena kwa mwenzake, Ijumaa anapelekwa wodi ya milango ya kufungwa. Niliumia. Nimekwisha kuwaona waliopelekwa kule. Baada ya mwezi hawatembei tena.

Alhamisi nilikuwa natengeneza bomba la Mzee Wubbo, nikashindwa kunyamaza.

"Hajapotea, mzee. Anakwenda tezi. Sisi ndio tuliomlaza juu ya changarawe."

Wubbo akatazama nje, makaburini.

"Nipeni hiyo tisa."

"Na mama, mkeo, je?"

"Mama hatoki pale. Na mimi namba bado nazisoma."

Ijumaa Bi Marloes alisimama ukumbini na karatasi yake. Bi Roelofje akaja, kiganja ukutani, akaipita tisa, akafungua mlango wa mwisho. Ndani tayari mlikuwa na blanketi lake na picha za wanawe. Hakushangaa hata kidogo. Akajilaza. Enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Bi Marloes akaikunja karatasi, akaenda zake.

Saa kumi Wubbo akabisha hodi, kikombe cha kahawa mkononi.

"Naomba nitazame dirishani kidogo, mama."

"Ingia, baba. Ila viatu vua huko huko, nimetoka kupiga deki."

Akavivua bila ubishi, akaenda dirishani na soksi zake, akasimama pale mpaka kahawa ikapoa.