Wakati Mpira Unapochezwa

Nilirudi Tanga kwa likizo yangu ya kwanza ya chuo kikuu nikiwa na miwani mipya na maoni juu ya kila kitu. Ilikuwa miaka ya hamsini, na mtaani kwetu Ngamiani mtu aliyejua Kiingereza cha vitabuni alipewa kazi bila kuulizwa kama anaitaka. Mimi nilipewa sheria ya kuotea.

Aliyeniletea ni kapteni wa timu yetu, kuli wa bandarini. Alikuwa amepata mahali kijitabu cha sheria za mpira. "Msomi, tufasirie hii moja tu," aliniambia. "Nyingine tunazijua. Hii inatumaliza."

Aliyemalizwa hasa ni mshambuliaji wetu, fundi cherehani aliyekaribia miaka arobaini. Miaka yote alicheza kwa kusimama karibu na golikipa wa wenzetu, akipiga naye soga huku akingoja mpira umfikie. Kwake kuotea ulikuwa ustadi, kama mwindaji anavyomwotea paa. Lakini marefa walikuwa wameanza ukali, na wiki iliyotangulia mabao yake mawili yalikataliwa. Kapteni akamwambia mbele ya watu: "Fundi, ukinigharimu bao jingine, jezi unavua." Fundi alicheka, lakini kwa siku mbili cherehani yake haikusikika.

Nilikaa na kamusi asubuhi nzima. Kisha nikaenda barazani kwake, nikamwamkia shikamoo, nikamsomea: mchezaji ameotea ikiwa, wakati mpira unapochezwa, hana wapinzani wawili kati yake na mstari wa goli. Aliniomba nirudie mara tatu.

"Wakati mpira unapochezwa," alisema taratibu, kama anayepima kitambaa. "Marahaba, mwanangu. Nimeelewa."

Niliondoka pale kifua mbele.

Jumapili hiyo tulicheza na mabaharia wa meli iliyokuja kupakia mkonge. Mpaka leo sijui walikuwa watu wa nchi gani. Wagiriki tuliwajua kutoka mashamba yao ya mkonge. Hawa hawakuwa Wagiriki. Hatukuwa nao neno moja la kuombea maji, lakini walipiga kelele za "kona!" na "penalti!" kama vijana wa mtaa wa Mabawa. Hilo lilinishangaza kuliko lolote nililofundishwa chuoni. Nani aliwafundisha wao, na nani alitufundisha sisi, hata tukakutana uwanjani tukikasirishwa na mambo yale yale?

Dakika ya kumi kapteni alipenyeza pasi nzuri nyuma ya mabeki. Fundi alikimbia, akafika usawa wa beki wa mwisho, akasimama wima. Mpira ukaenda peke yake mpaka mikononi mwa golikipa.

"Kimbia, we fundi! Umeona nini?"

"Siotei mimi!"

Ikawa hivyo mara tatu. "Fundi, hapo pana ukuta?" alipaza sauti mama mmoja muuza machungwa, na uwanja mzima ukacheka.

Wakati wa mapumziko kapteni alimnyooshea fundi mkono. "Lete jezi."

"Kwa kosa gani? Sijaotea hata mara moja! Muulize msomi wako. Mpira ukichezwa, nisiwapite mabeki. Haya, si unachezwa tangu saa kumi?"

Hapo ndipo nilipolielewa kosa langu. Kitabu kilitaja ile nukta mwenzako anapougusa mpira. Mimi nikaandika maneno ambayo kwetu ni mchezo mzima, kutoka filimbi mpaka filimbi. Kwa tafsiri yangu fundi alikatazwa kuwapita mabeki mpaka magharibi. Nilianza kueleza habari za vitenzi. Hakuna aliyenisikiliza.

Beki wa mabaharia alikuwa akitutazama huku akimenya chungwa la Muheza. Sijui aliuelewaje ugomvi ule. Alichuchumaa akapanga mchangani vipande vitatu vya ganda: golikipa, yeye, na fundi. Kokwa ikawa mpira. Aliigonga kokwa kwa kidole, na ilipokwisha kuondoka, ndipo akalisukuma ganda la fundi mbele ya lake. Akaitikia kwa kichwa. Akarudia, safari hii akitanguliza ganda kabla ya kokwa, akainua mkono juu kama mshika kibendera na kukunja uso.

"Kumbe!" alisema fundi. "Ukishapigwa, naruhusiwa!"

Kapteni alinigeukia. "Msomi, chuo chenu ni cha miaka mingapi?" Kisha akamwambia fundi: "Dakika kumi tu. Usipofanya kitu, unavua."

Zilipita nane. Kapteni alipoinua mguu, fundi alikuwa bado nyuma ya beki, macho yake kwenye kiatu cha kapteni. Mpira ulipoguswa akachomoka, akampita mwalimu wake, akapiga katikati ya miguu ya golikipa. Hakushangilia. Aligeuka kwanza kutazama kibendera. Kilikuwa chini. Yule baharia alishika kiuno, akatikisa kichwa.

Tulifungwa matatu kwa moja. Mwisho wa mechi kapteni alizunguka na gunia akikusanya jezi za kwenda kufuliwa. Alipofika kwa fundi, fundi tayari alikuwa ameshika pindo la yake, anaivua.

"Hiyo nenda nayo nyumbani," alisema kapteni, akampita.

Fundi aliishusha tena mwilini, imelowa jasho, akarudi kwake kwa njia ndefu inayozungukia mtaa wa Chumbageni.