Milango ya Lorene Haskett

Kwenye Mtaa wa Delmar walimwita Lorene Haskett mwizi wa milango, na hawakumsingizia, maana milango aliing'oa kweli. Aliing'oa mchana kweupe, kwa bisibisi, uani kwa watu ambao hawakumwalika. Waliosema ana wazimu walikuwa wengi kuliko waliomsalimu. Hakuwa na wazimu. Alikuwa na hasira, na hasira yake ilikuwa na jina: Darla Jean Voight, umri wa miaka minne na nusu.

Lorene alizaliwa vilimani Kentucky, kwenye nyumba ambayo umeme waliusikia kwa masimulizi tu. Mwaka wa arobaini na mbili, vita vimepamba moto, alivuka mto Ohio akaingia mji wa Tolliver kupigilia ribiti, vile vipini vya kuunganisha mabati, kwenye mbawa za ndege. Alizipigilia miaka mitatu. Siku vita vilipokwisha, wanawake wote walipewa mkono wa shukrani wakaoneshwa lango. Nendeni mkapike, waliambiwa, waume zenu wanarudi. Haukupita mwaka na nusu, jengo lilelile likawa kiwanda cha friji cha Bramwell, na kwa kuwa Marekani nzima ilitaka friji kwa siku moja, mikono haikutosha. Waliofukuzwa wakaitwa tena. Hakuna aliyewaomba radhi.

Alipangiwa mwisho wa mstari wa kuundia friji, kwenye milango. Yeye ndiye aliyefunga komeo la chuma, lile ambalo ukivuta mpini kwa nje linaachia, lakini kwa ndani huna pa kushika, ni ukuta mweupe mtupu. Akishalifunga hubana kipande cha karatasi katikati ya mlango na kukivuta. Kikichomoka, mlango unarudishwa. Kikigoma, anagonga muhuri wake karibu na bawaba, namba kumi na tisa, na kupaza sauti: "Haupumui!" Mstari mzima humjibu: "Haupumui!" Mlango unaopumua hupoteza baridi, ni aibu ya kiwanda. Kwa hiyo neno hilo likawa sifa, likatoka nje ya lango, likaingia mpaka kanisani. Mtu bahili asiyetoa hata senti ya sadaka walimwita mlango wa Lorene. Naye alilipenda. Kwa miaka sita hakuruhusu mlango hata mmoja unaopumua upite mikononi mwake.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wahenga hawakufika Tolliver. Huko kizuri na kibaya vyote vilitembezwa, redioni, magazetini, kwenye mabango ya mama mwenye shanga shingoni anayeichekea friji kama amechumbiwa nayo. Kila mwaka ulikuja mtindo mpya. Mara rafu zinazozunguka, mara kisanduku cha kulainishia siagi, mara rangi ya kijani. Friji ya miaka mitano, nzima, inayogandisha mpaka basi, iliitwa kuukuu, na mwenye nayo akaonewa huruma na majirani. Vernon, mume wa Lorene, aliendesha gari la duka la vyombo vya nyumbani. Yeye ndiye aliyeingiza mpya jikoni na kuisukuma ya zamani uani, ikamsubiri mnunuzi wa vyuma chakavu ambaye hakuja, maana naye alikuwa amezidiwa. "Mke wangu anazaa, mimi nazika," Vernon alipenda kusema, na watu walicheka. Lorene pia alicheka.

Jumanne moja ya Julai, mwaka wa hamsini na tatu, watoto wa Mtaa wa Delmar walicheza kombolela, na Darla Jean akajificha vizuri kuliko wote. Walimtafuta mtoni. Walimtafuta kwenye vibanda vya magari na chini ya vitanda, wakamsimamisha muuza aiskrimu na kulipekua gari lake. Baada ya kutafuta kwa muda wa saa sita, baba yake akalikumbuka lile sanduku jeupe nyuma ya nyumba, friji yao ya zamani.

Lorene alikwenda msibani na bakuli la viazi, kama wanawake wengine. Njia ya jikoni ilipita uani, na friji ilikuwa palepale, mlango wazi. Hakutaka kutazama, akatazama. Karibu na bawaba palikuwa na muhuri, kumi na tisa. Mvua na theluji vilikuwa vimeipiga ile friji, na bado mpira wa mlango ulikuwa umekaza kama siku ilipotoka kiwandani. Kazi safi kabisa.

Kesho yake alifunga komeo, akabana karatasi, karatasi ikagoma kutoka. Mstari ukamngojea.

"Lorene! Umemeza ulimi?" alipiga kelele nyapara, Clem Niehaus.

"Sitalisema tena neno hilo."

"Neno gani?"

"Unalijua, Clem. Mtoto wa Voight amelijua pia."

Niehaus alivua kofia, akaivaa tena. Hakuwa mtu mbaya. Tatizo la mji ule ni kwamba watu wabaya walikuwa wachache mno, na mambo yalikwenda vilevile.

"Wekeni kitu kwa ndani," Lorene alimwambia. "Kitufe, chemchemi, chochote. Mtoto akisukuma atoke."

"Mama wee, mimi nyapara, si mhandisi."

"Basi kamwambie mhandisi. Mimi nakusubiri hapahapa."

Alirudi baada ya chakula cha mchana, macho chini. "Wanasema wateja hawajaulizia kitu kama hicho. Wateja wameulizia rangi ya waridi."

"Hawajaulizia?"

"Usinitolee macho mimi, nimetumwa tu."

"Mteja ana miaka minne, Clem! Ataulizia vipi? Angeuliziaje, humo ndani, gizani?"

Waridi ilianza kupakwa wiki iliyofuata.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na Lorene hakuwahi kuzaa. Lakini ule muhuri ulikuwa wake. Jioni ya siku ile ya ugomvi na Niehaus alimtilia Vernon chakula, akasimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Ziko wapi?"

"Nini?"

"Friji ulizozitupa nje. Nyumba kwa nyumba. Unazijua zote."

"Mama, acha. Tajiri akisikia natangaza siri za wateja, nimekwisha."

"Siri! Sanduku kubwa kama ng'ombe limesimama uani, jua linaliwakia, halafu siri!"

"Mimi huwa nasukuma tu, Lorene. Naambiwa weka pale, naweka pale."

"Na mimi huwa nafunga tu. Nani kamuua, basi? Kajiua mwenyewe?"

Vernon aliacha kijiko. Kisha akaanza kutaja: namba nane Delmar, karibu na banda la kuku. Kumi na tano, chini ya ngazi. Kwa mchungaji, nyuma ya kanisa, mbili. Alipomaliza Mtaa wa Delmar akaendelea na unaofuata, na Lorene akaandika mpaka penseli ikawa butu.

Jumamosi walianza kazi. Vernon alibisha hodi mbele kwa adabu zote, kofia mkononi, na wakati mwenye nyumba akimuuliza habari za mama yake, Lorene alikuwa amekwisha kumaliza huko nyuma. Wengine walishukuru. Wengine waliwafungulia mbwa. Mchungaji alisema angepaswa kuitisha kikao cha wazee kwanza, na Lorene akamwambia aitishe, yeye atakuwa ameshaondoka. Kwa wiki mbili aling'oa milango thelathini na minne, na kumi na moja kati yake ilikuwa na muhuri wake mwenyewe. Hiyo aliing'oa huku akitukana, akijitukana yeye.

Wa thelathini na tano ulikuwa wa Bi Opal Weinzapfel, mjane aliyehifadhi chupa zake za nyanya kwenye friji kuukuu barazani. Alimkuta Lorene ana skrubu tatu mdomoni.

"We mwanamke wa vilimani! Huko kwenu ndivyo mnavyoingia kwenye nyumba za watu?"

Lorene alitema skrubu mkononi. "Ndivyo, Bi Opal. Kwetu hata milango hatuna."

"Rudisha mlango wangu sasa hivi!"

"Una wajukuu wangapi?"

"Watano, na wote wana akili zao."

"Darla Jean naye alikuwa na akili. Alitafuta mahali ambapo hapana atakayempata, akapapata."

Bi Opal alimwacha amalize. Kisha akaingia ndani na kupiga simu kiwandani.

Jumatatu Lorene aliitwa ofisini kwa Bwana Prentiss. Alikwenda amejiandaa kugombana, na mtu akamtilia kahawa. Prentiss hakumkemea. Alimsifu: miaka sita, hakuna mlango hata mmoja uliorudi kutoka kwa mteja, angetamani wote wawe kama yeye. Kisha akamsogezea karatasi iliyopigwa chapa. Ilisema kwamba yeye, mkaguzi namba kumi na tisa, anathibitisha mlango wa friji ya akina Voight ulitoka kiwandani mzima, bila kasoro yoyote.

"Ni kweli au si kweli?" aliuliza Prentiss.

"Ni kweli."

"Basi tia sahihi, Bi Haskett. Na ile simu ya Bi Weinzapfel sisi hatukuipokea."

"Inakwenda wapi hii?"

"Kwa wakili. Na nakala kwa familia, ili ieleweke. Tunawapa pole, sana, lakini mtoto ana mama. Mama ndiye wa kumwangalia."

Hapo ndipo damu ilipompanda. Kwa miaka sita alikuwa ameinama kwenye ile milango, akivuta karatasi, akijivunia. Kumbe muda wote huo alikuwa anamchongea mtu fimbo, na leo wanataka aishike yeye mwenyewe amchape nayo mama aliyezika mtoto. Alichukua kalamu. Chini ya yale maneno ya chapa akaandika kwa mkono wake: Mlango haukuwa na kasoro. Ndiyo maana mtoto amekufa. Akatia sahihi, akaweka na namba.

Prentiss alisoma, akaichana vipande vinne. "Umeharibu karatasi tu. Na kazi yako."

"Piga chapa nyingine. Nitaandika hivyohivyo."

Saa nne asubuhi alikuwa nje ya lango. Hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa akina Voight, kabla miguu haijabadili nia.

Nadine Voight alimfungulia akiwa na gauni la kulalia, nywele hazijachanwa, mtoto wa miezi kumi kiunoni. Mkononi alikuwa na barua. Kampuni haikusubiri sahihi ya mtu.

"Wameandika mlango ulikuwa mzima," alisema Nadine. "Ona neno walilotumia. Mzima."

"Ulikuwa mzima," alisema Lorene. "Niliufunga mimi. Muhuri ule ni wangu. Nimekuja ujue."

Alingoja kofi, na kwa kweli alilitaka. Nadine aligeuka kuelekea jikoni, ilipokuwa imesimama friji mpya, ile iliyoifukuza ya zamani ikaenda kusimama uani.

"Na hii?"

Lorene hakuhitaji kuinama. "Hiyo pia."

Nadine alimweka mtoto sakafuni. Mtoto alitambaa mpaka kwenye friji, akajishika, akasimama, akaupiga mlango kwa viganja viwili na kucheka.

"Ung'oe."

"Nadine, mna maziwa humo. Mna nyama. Ni Julai hii."

"Nimesema ung'oe!"

Lorene alitoa bisibisi mfukoni. Skrubu zilikuwa mpya na ngumu. Nadine aliubeba mlango begani mpaka ya mwisho ilipotoka, wakautoa pamoja, wakautupa kwenye majani. Waliporudi jikoni, baridi ilikuwa inamwagika miguuni na mashine imeanza kunguruma, ikihangaika kuigandisha nyumba nzima. Walikaa chini na mtoto katikati yao. Nadine alilia mpaka siagi ikayeyuka ikatiririka kwenye rafu.

Saa kumi na moja mumewe alirudi kutoka kazini. Aliitazama friji, akamtazama Lorene, akatoka nje bila kuuliza, akainama kuuinua mlango.

"Ukiuingiza humu," alisema Nadine kutoka mlangoni, "ondoka nao."