Fundi Breki na Redio ya Dada

Fundi breki aliuza cherehani ya marehemu mama yake, akanunua unga wa kulevya. Siku ya tatu akarudi nyumbani. Dada yake akaziba mlango.

"Daktari anasema ni ubongo, dada. Tamaa inakanyaga mafuta, breki hazishiki. Hata chakula hakina raha tena."

"Gari la hivyo likija gereji kwako, unamwachia mwenyewe aondoke nalo?"

"Thubutu! Namnyang'anya ufunguo."

"Basi twende hospitali ukalazwe leo, na ufunguo wa nyumba hii unipe. La sivyo, mimi si dada yako."

Akautoa bila ubishi. Lakini macho yake yalishafika kwenye redio sebuleni. Dada aliyaona, akafunga mlango kwa kufuli jipya alilokwisha kulinunua, wakaondoka.