Mwanafunzi wa Kumi na Mbili

Mwaka uliofuata mlipuko wa volkano na lava yake, shule yetu ya sekondari ya serikali pale mtaa wa Ndosho ilikuwa ndogo mno. Prefe, mkuu wa shule, alitujua wote bila kufungua daftari. Darasa la sita, la mwisho, lilikuwa na vijana kumi na mmoja. Watatu walikimbia vita Masisi, wawili walitoka Kalengera, wanne nyumba zao zilimezwa na lava, na wawili walizaliwa palepale mtaani, wakajisifu kwa hilo kama machifu.

Inspekta alimwonya prefe: wasipofika kumi na wawili, darasa litafungwa na wanafunzi watahamishiwa shule ya Murara, mbali na kwetu. Jumapili, baada ya misa, prefe akatangaza kwamba anamtafuta yeyote aliyeishia la tano. Mimi niliishia hapo waasi walipoingia mara ya kwanza. Kisha nikaolewa, nikazaa watatu. Kesho yake nilifika shuleni kabla ya prefe, mtoto mgongoni. Vijana Murara wangefika, hata kwa kunung'unika. Mimi, mwenye mtoto anayenyonya na mihogo ya kuuza kila mchana, nisingefika. Hii ilikuwa nafasi yangu ya mwisho ya kumaliza shule, na niliitaka kwa moyo wote.

Tatizo ni kwamba wenzangu walikuwa na adabu ya kukera. Nilikuwa na miaka ishirini na sita tu, lakini waliniita mama. Walikataa nibanane nao kwenye benchi, wakanitafutia kiti, wakakiweka mbele karibu na mwalimu. Niligomba wee, wapi!

Inspekta alipokuja akahesabu vichwa kwenye mabenchi, akapata kumi na moja. Akarudia, kumi na moja. Kisha akanisalimia kwa heshima, akauliza kama nimekuja kwa ajili ya mwanangu. Prefe akamweleza kwamba mimi ni mwanafunzi. Inspekta akacheka, akasema ameshaona shule zinazoazima wazazi ili kujaza darasa. Akawageukia wenzangu, akawauliza mimi ni nani.

"Ni mama," wakajibu wote pamoja.

Nilitamani kuwachapa. Prefe akashika kichwa.

Lakini na mimi nilikuwa na kosa langu. Kila asubuhi nilipita mtaani nimejifunga kitenge kiunoni na kingine mabegani, kwa aibu ya kuonwa na majirani nimevaa sare, na hata darasani sikuvivua. Nikampa msichana wa benchi la mbele mtoto, nikavifungua vyote viwili mbele ya watu. Blauzi nyeupe, sketi ya bluu. Darasa likaangua kicheko, nami nikacheka, na aibu ikaniisha palepale. Inspekta akaniandikia hesabu ubaoni. Nikaifanya yote, mtoto akilia muda wote.

Basi akafungua fomu. Akauliza umri, akauliza mtaa, halafu akafika kwenye mstari wa mzazi. Wengine hapo walikuwa na baba, mjomba, dada mkubwa. Akasita.

"Sasa mama, nani alikuleta ku masomo?"

Baba ndiye aliyeniandikisha mara ya kwanza, lakini hatukurudi naye kutoka ukimbizini. Nilimkumbuka.

"Andika miye," nikamwambia. "Njo miye mwenyewe nilijileta."

Akaandika jina langu mara mbili kwenye fomu moja.