Tisa, Arobaini na Tano, na Ukuta wa Mama Mkwe

Wiki ile wezi walipomvamia jirani yetu, mume wangu alianza kuongea kwa milimita.

Tuna duka la vifaa vya ujenzi hapa Karatu, kando ya barabara inayopanda kwenda lango la Ngorongoro. Nyumba iko nyuma ya duka, na mlango wa sebule unafungukia dukani. Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta anauza simu na kufanya huduma za kutuma na kutoa pesa. Jioni moja, magari ya watalii yakiwa bado yanapita, vijana watatu waliingia kwake, wakampiga nondo begani, wakaondoka na simu pamoja na mauzo. Mimi siku hiyo nilikuwa Rhotia msibani. Niliporudi, nilimkuta mume wangu amekalia mfuko wa saruji, macho kwenye simu. Alikuwa anaangalia mzungu mwenye miwani ya njano akilipiga risasi tofali la jeli lililowekwa badala ya mwili wa mtu.

"Unaangalia nini?"

"Nataka kuomba kibali cha bastola," akasema bila kuinua kichwa. "Ila kwanza nijue ni risasi ipi."

Nikafikiri ni hasira tu, itapoa. Haikupoa. Ikapata na mwalimu, rafiki yake wa siku nyingi, sajenti mstaafu ambaye sasa ni mkuu wa walinzi kwenye hoteli moja kule juu msituni. Mimi namwita shemeji. Kila alipopata mapumziko alishuka mjini, akanywa chai yangu vikombe vitatu, na wakaanza.

Mume wangu alikuwa mtu wa tisa milimita. Kwake risasi ile ni nyepesi, ina kasi, haimrushi mpigaji mkono, na magazini ya bastola yake inabeba risasi kumi na tano au zaidi. Shemeji alikuwa wa arobaini na tano, ambayo hupimwa kwa sehemu za inchi: risasi nene, nzito, inakwenda polepole kama mtu mwenye uhakika na safari yake.

"Tisa inamchoma mtu," shemeji alisema. "Arobaini na tano inamkalisha chini."

"Lakini bastola yake inabeba saba!"

"Wezi walikuwa watatu. Hizo nyingine unataka kumpiga nani, wateja?"

Mimi ni mchokozi, sikatai. Nilichogundua mapema ni kwamba wanaume wakibishana juu ya bastola, mikono yao haina kazi. Mama mkwe alikuwa amekuja kukaa nasi kutoka Qurus, na alikuja na magunia ya maharage ambayo hayajachambuliwa. Nikamwekea kila mmoja ungo magotini. Hawakuuliza. Wakachambua huku wakibishana, mawe huku, maharage kule, na mara nyingine mume wangu alishika harage dogo na shemeji akashika kubwa, wakayaweka sambamba juu ya meza wakayatazama kwa uchungu.

Tatizo ni kwamba shemeji ni mkweli. Baada ya gunia la kwanza alianza kulegea. Akakiri kwamba kwa risasi nzuri za siku hizi tofauti si kubwa kama zamani, kwamba aliyepigwa pahali pasipo pa hatari, iwe kwa tisa au kwa arobaini na tano, anaweza kuendelea kuja tu, na kwamba bastola yoyote ni kitu kidogo ukiilinganisha na bunduki. Nikaona wanakaribia kupatana na gunia la pili halijafunguliwa.

"Na rivolva ya thelathini na nane je?" nikauliza kwa upole, kama mtu anayetaka kujifunza.

Wakalirukia swali wote wawili. Mume wangu akasema inabeba tano au sita, na kuijaza tena ni kazi ya kutunga shanga. Shemeji akaitetea: haikwami, haina mambo mengi, hata ikikaa miaka kwenye droo itaitika. Gunia la pili likaisha kabla ya chakula cha mchana.

Hapo ndipo sauti ya mama mkwe ilipotoka chumbani kwake. Kati ya sebule na chumba kile kuna ukuta wa mbao tu. Tuliuweka kwa muda tulipohamia, na ule muda haujaisha hadi leo.

"Hiyo risasi ikimkosa mwizi," aliuliza, "inakwenda wapi?"

Shemeji akainuka, akaugonga ukuta kwa kidole, akachungulia unene wa ubao penye mlango.

"Mama, hapa inapita."

"Ipi?"

"Zote, mama."

"Hata ile ndogo ya mwanangu?"

"Hiyo ndiyo ina mbio zaidi."

Mama mkwe alitoka na khanga yake begani, akamwambia mwanawe maneno marefu kwa Kiiraqw ambayo sitayatafsiri, kisha akaamuru magunia yote ya maharage yapangwe ukutani upande wa kitanda chake. Yakapangwa. Shemeji akaulizwa kama maharage yanazuia risasi. Akajikuna, akasema yanapunguza. Mama akataka kujua yanapunguza kiasi gani, na hapo shemeji, ambaye jeshini hakuogopa mtu, akaomba ruhusa ya kwenda nje.

Wazo la kufanya majaribio lilikuwa langu. Jumapili baada ya ibada duka linakuwa limefungwa nusu mlango, na nikasema kama bastola ni ya kulinda duka basi tuone inalindaje. Mume wangu atatumia drili ya betri badala ya bastola. Itafungiwa kwenye droo kama sheria inavyotaka. Mimi nitakuwa mwizi, shemeji atakuwa refa. Mama mkwe alikubali kulala kitandani kwake na kuwa mama mkwe.

Mara ya kwanza niliingia na kitenge usoni na bomba la plastiki mkononi. Mume wangu akakimbilia droo. Wakati anatafuta ufunguo sahihi kwenye ule mtungo wake wa funguo, nilikuwa nimeshachukua mauzo, nimejaribu jozi mbili za gambuti, na nimetoka na zilizonitosha.

Mara ya pili aliacha droo wazi. Shemeji akasema hapo umeshavunja masharti, lakini tuendelee. Drili ikalia *vruuu*. Shemeji akanyoosha mkono wake kufuata ilikoelekea.

"Umemkosa mwizi. Umempiga mama."

"Wapi?" mama akauliza kutoka ndani.

"Bado tunaangalia, mama. Lala tu."

"Nife au nijeruhiwe?"

"Kufa ni rahisi zaidi, mama."

Tukasikia kitanda kikilia anajinyoosha vizuri. Mume wangu, jasho likimtoka, akanielekezea tena drili, na mimi nikainua bomba langu juu. Mlango ukasukumwa. Akaingia sista, mtawa wa zahanati ya hapo karibu, mfuko wa plastiki mkononi, sketi imelowa maji mpaka magotini.

Akatutazama, akamaliza. Kisha akafanya kile alichozoea kufanya akiingia mahali.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina," nikajibu chini ya kitenge.

"Milele amina," akajibu mume wangu, drili ikiwa bado hewani.

Na kutoka nyuma ya mbao, kwa sauti ya mtu aliyeimba kwaya miaka mingi, marehemu akaitikia: "Mileeele amina!"

Sista alikuwa amekuja kununua koki, yao ilikuwa imepasuka. Alinunua, akauliza nani mgonjwa, akaambiwa hakuna, akatuombea hata hivyo. Alipotoka shemeji alikaa sakafuni kwa kicheko. Mama mkwe alicheka mpaka akakohoa. Nami nilicheka, kisha nikaona mume wangu hacheki.

Nilimfuata jikoni. Alikuwa anakunywa maji.

"Siku ile ya wezi nilikuwapo dukani," akasema. "Jirani alikuwa ananiita. Nikashusha komeo."

Nikavua kitenge usoni.

"Ningekuwa na kitu mkononi ningetoka," akaendelea.

"Ukampige nani? Si walikuwa wamemzunguka?"

Aliyejibu ni mama mkwe, kupitia mbao. "Nenda kamwambie mwenyewe."

Kesho yake asubuhi alikwenda. Mimi nilibaki nahesabu misumari ambayo haikuhitaji kuhesabiwa. Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, lakini mabega yalikuwa yameshuka mahali pake.

"Alijua nipo," akaniambia. "Anasema hakuwa ananiita nitoke. Alikuwa ananiita nipige kelele. Watu wasikie."

Wiki hiyo hiyo wao wawili, mume wangu na jirani mwenye bega lake bovu, waliweka king'ora juu ya paa, kitufe kimoja kwetu kimoja kwake. Walikijaribu mchana, na dereva mmoja wa watalii akasimama katikati ya barabara akidhani anakamatwa.

Maombi ya kibali hayajapelekwa. Mama mkwe alitoa amri kwamba hakuna risasi ya aina yoyote itakayoingia nyumba hii mpaka chumba chake kiwe na ukuta wa tofali. Kwa hiyo Jumamosi iliyofuata fundi alikuja, mbao zikang'olewa. Shemeji alikuwapo, chai mkononi.

"Weka tofali za inchi sita," akamwambia fundi.

"Inchi tano inatosha," mume wangu akasema. "Ni nyepesi, na msingi hautaumia."

"Inchi sita ni ukuta. Inchi tano ni pazia."

Fundi akasimama na mwiko wake, akanigeukia mimi niamue.

"Mbona hata ya inchi nne naona inafaa tu," nikasema, nikaingia jikoni kutafuta ungo wa gunia la tatu.