Kasha la Mrushaji

Mjapani alinipiga mpira wa paja, na kwa kosa hilo mama yangu akapata rafiki.

Nilikuwa nimejiunga na timu ya besiboli ya Jumapili hapa Birmingham ili nipunguze kitambi. Mrushaji wetu, yule anayemtupia mpira mwenye rungu, hakuwa wa kubahatisha kama sisi. Kwao Japani alirusha kwenye viwanja vilivyofurika, akauzwa Marekani, huko bega likamgomea, akaachwa. Mkewe alikuwa daktari hapa mjini, mtaa wa Harborne, ndiyo maana mtu mzima yule akaishia kuturushia sisi, tunaofumba macho mpira ukija.

Siku aliponipiga mazoezini alivua kofia, akainama. Kwao ndivyo mrushaji anavyoomba radhi. Marekani kocha alimkataza, eti anaonekana mnyonge, naye akazidi kuinama. Mimi nilidhani yamekwisha. Jioni akabisha hodi na kasha la mbao limejaa keki.

"Chombo cha watu hakirudi kitupu," alisema mama, Mzanzibari mjane ninayeishi naye, akalijaza visheti.

Hakujua kwamba Wajapani nao wana yao: ukipewa, sharti urudishe. Kasha likaja na biskuti za mchele. Likaenda na kaimati. Likaja na vitu laini vyenye maharage matamu ndani, mama akavila akisema kila watu na lao. Paja lilishapona zamani, ila hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukosa adabu, na kitambi kilichonipeleka uwanjani kikanawiri.

Ikawa kila Alhamisi mrushaji anakaa jikoni kwetu, mama anamsimulia habari za Unguja, yeye anaitikia kwa kichwa.

"Bibi, he doesn't understand you," alisema binti yangu.

"Ananielewa kuliko wewe," mama akamjibu.

Ilikuwa kweli, na iliniuma. Mji mzima huu, mama hakuwa na mwingine wa kumsikiliza mpaka mwisho.

Kisha timu yake ya zamani ikamwita nyumbani acheze msimu mmoja wa kuagia, bega likikubali. Alipokuja kutuaga, kasha lilikuwa kwetu. Mama, ambaye sijawahi kumwona akikosa cha kukaanga, alisema leo hajapika.

"Mama, mpe mtu kasha lake," nilimnong'oneza.

"Tupu? Na likae. Mwenye chombo chake kwa watu hurudi."

Hakurudi. Kasha likakaa juu ya friji, na kila Alhamisi mama akawa analipangusa. Nilimhurumia, ingawa suruali zangu zilianza kunitosha.

Asubuhi moja tukamwangalia kwenye simu yangu, yuko kwao, uwanja umejaa. Bega lilikuwa zima kabisa. Mpira wa tatu ukampiga kijana mwenye rungu pajani, palepale pangu. Akavua kofia, akainama. Uwanja mzima ukampigia makofi, na mimi nikapiga.

Mama hakupiga. Alisogeza uso karibu na simu, akamtazama yule kijana anavyochechemea.

"Huyo naye ana mama?"

"Nitajuaje, mama?"

"Atakuwa naye. Na yule wetu atabisha hodi kwao na nini, kasha liko huku?" Akainuka, akalishusha kasha, akawasha jiko. "Nisogezee unga. Na posta wanafunga saa ngapi?"